Dima ya taa inasumbua? Ipime hivi kabla hujaitupa

Maswali ya dima, ile swichi ya ukutani ya kupunguza na kuongeza mwanga wa taa, yanajirudia kila mara: taa inachezacheza nikipunguza mwanga, dima inavuma, dima inapata moto, taa haizimi kabisa, nimefunga balbu mpya za LED na sa hivi nikizungusha mwanga haubadiliki, na karibu kila anayeuliza anamalizia na "sasa ninunue dima ya aina gani?". Ndo maana nimeona niandike yote sehemu moja. Jibu langu la kwanza kwa wote ni hili: usinunue kitu bado. Mara nyingi sana dima yenyewe ni nzima, ila imepewa balbu isiyoelewana nayo, kwa hio ukileta dima nyingine ya aina ileile shida itakuwa palepale na hela imeshaenda.

Nadharia ni kidogo tu. Dima ya ukutani haiubani umeme, inaukata na kuurudisha kwa kasi, mara 100 kwa sekunde kama umeme wako ni wa hezi 50, mara 120 kama ni wa hezi 60, na kadiri kipande kinachokatwa kinavyokuwa kikubwa ndo mwanga unavyopungua. Balbu ya zamani yenye kawaya ndani haijali, kawaya kakishapata moto hakapoi haraka hivyo. LED ni tofauti, ina sakiti yake ndogo ndani, na hiyo sakiti kama haikutengenezwa kwa ajili ya umeme uliokatwakatwa inachanganyikiwa: inapepesa, inalia, inagoma kuwaka, au inaungua mapema.

Vitu vya kuandaa

- Balbu moja ya zamani yenye kawaya, au ya halojeni, inayoingia kwenye soketi yako, wati 60 (kwa zile soketi za GU10 tafuta halojeni ya wati 50). Hii ndo kifaa muhimu kuliko vyote kwenye orodha, tafuta hata ya kuazima.
- Multimita (kifaa cha kupimia umeme), au tesita yenye ncha mbili. Ile bisibisi yenye kataa kadogo kwenye mpini usiiamini peke yake, inaweza isiwake na waya una moto (yani una umeme), na inaweza kuwaka kwa umeme wa kupotea tu ambao hauna nguvu.
- Bisibisi bapa ndogo na ya nyota, zenye mpini wenye insulesheni
- Tochi, manake chumba kitakuwa giza
- Tepu ya umeme, kalamu, na simu ya kupigia picha
- Swichi moja ya kawaida ya bei rahisi, kwa ajili ya jaribio la hatua ya 7

Kabla hujaendelea, angalia kama una dalili hizi: harufu ya plastiki kuungua, kava imegeuka rangi ya kahawia, cheche, au breka inaruka kila ukiwasha. Ukiona hata moja, zima breka ya sakiti hiyo, iache imezimwa na uite fundi umeme, huo sio wakati wa kujifunza. Pia sehemu nyingine sheria hairuhusu mtu asiye na leseni kufungua swichi ya ukutani. Hatua ya 1 hadi ya 4 anaweza kufanya kila mtu bila kugusa waya, na kwa uzoefu wangu majibu mengi yanapatikana humohumo.

Hatua kwa hatua

1. Iangalie tatizo lako vizuri kabla hujagusa kitu. Washa taa, zungusha dima polepole kutoka juu kabisa hadi chini kabisa halafu irudishe, na uandike kinachotokea na kinatokea wapi. Inapepesa chini tu, au kote? Inaruka sehemu moja ileile kila ukipita hapo? Sauti inatoka kwenye balbu au ukutani? (sogeza sikio, usikisie). Balbu zote zinafanya au moja tu? Kama ni moja tu kati ya nne, zima breka, ibadilishe nafasi na mwenzake, tatizo likihama na balbu basi umeshamaliza, ni balbu, nunua nyingine.

2. Soma maandishi kwenye balbu. Zima breka, subiri balbu zipoe, zifungue. Tafuta neno "dimmable" kwenye balbu au boksi lake. Kama imeandikwa "not dimmable", au kuna alama ya dima iliyopigwa mstari, au haijasema kitu kabisa, ichukulie kwamba haifai kwa dima. Enaji seva nazo nyingi haziendani na dima. Watu wengi wanabishana hapa kwa sababu "mbona ilikuwa inapungua vizuri tu wiki ya kwanza", ndio, inaweza ikapungua, lakini sakiti yake inateseka kila siku na mwisho wake ni kufa kabla ya muda.

Na nilivyosema zima breka sijakosea. Dima nyingi ukiizima bado inapitisha umeme kidogo, na nyingine haikati waya kabisa, kwa hio dima iliyozimwa sio usalama wa mtu anayeingiza vidole kwenye soketi ya taa.

3. Jumlisha wati, halafu linganisha na dima. Hapa ndo penye utajiri wa majibu. Dima ina kiwango cha juu na ina kiwango cha CHINI, na cha chini ndo watu hawakijui. Chukua mfano: dima imeandikwa wati 60 hadi 400. Zamani taa ilikuwa na balbu nne za wati 60, jumla 240, iko katikati, raha mustarehe. Ukaja ukabadilisha zote ukaweka LED za wati 8, jumla 32. Sasa dima inataka angalau 60 ndo itulie na wewe unaipa 32, itapepesa tu, na wala sio mbovu.

Upande wa juu nao una mtego. Dima ya wati 400 haimaanishi wati 400 za LED, LED zinavuta umeme kwa mapigo makali ya ghafla hata kama wati zake ni ndogo. Watengenezaji wengi wanaandika namba mbili, moja ya balbu za kawaida na moja ya LED, na ya LED inakuwa ndogo kwa mbali. Kama dima ni ya zamani na haina namba ya LED, mafundi wengi wanagawa kwa kumi, yani ile ya 400 wanaipa LED zisizozidi wati 40 hivi. Halafu kama dima mbili au tatu zimekaa pamoja kwenye boksi moja zinapashana joto, kwa hio uwezo wa kila moja unashuka, soma karatasi ya dima inasema ushuke kiasi gani.

4. Jaribio la balbu ya zamani. Hili lina sehemu mbili, usiruke hata moja.

Kwanza, breka ikiwa imezimwa, toa balbu zote ufunge ile moja ya wati 60 peke yake. (Angalia kwanza soketi au taa inaruhusu wati ngapi, imeandikwa ndani, na usiiache muda mrefu kwenye taa iliyofungwa na plastiki manake inapata moto kweli.) Rudisha breka, zungusha dima yote juu chini. Ikipungua na kuongezeka taratibu bila kuruka, dima yako ni nzima. Ikiwa inaruka, inapepesa, au inawaka tu kwa mwanga wote bila kupungua, hapo sasa dima ndo mtuhumiwa. Hakikisha tu kiwango cha chini cha dima hakizidi wati za balbu unayojaribia, la sivyo utaihukumu bure.

Pili, kama dima imefaulu, rudisha LED zako kwenye soketi zingine na uache hiyo ya zamani moja ikae nazo. Kupepesa kukiisha, ulikuwa na uhaba wa wati tu. Kukiendelea kwenye LED huku ya zamani imetulia, ujue hizo LED haziendani na dima ya aina hiyo hata ukiongeza mzigo.

Jaribio hili halifai kwa zile taa ndogo za volti 12 zenye transfoma, wala kwa LED za mkanda. Huko cha kukagua ni transfoma au draiva (kile kiboksi kinachozilisha LED umeme): transfoma ya zamani nzito yenye chuma inataka dima inayokata mwanzo wa wimbi la umeme, yani "leading edge", ile nyepesi ya elektroniki kwa kawaida inataka inayokata mwisho, "trailing edge", na draiva ya LED lazima iwe imeandikwa inakubali dima.

5. Zima umeme, uhakikishe umezima. Kuanzia hapa tunafungua ukuta. Zima breka ya sakiti hiyo, na kama huijui zima meni swichi. Bandika karatasi au tepu hapo ili mtu mwingine asije akaiwasha wewe ukiwa umeshika waya. Fungua skrubu za kava, ivute polepole bila kugusa nyaya. Sasa pima, na upimaji una mpangilio wake: anza kupima kitu unachojua kina umeme uone tesita inafanya kazi, pima nyaya za dima (kila waya kwa mwenzake, na kila waya kwa ethi, yani waya wa ardhi), halafu rudi kwenye kile kitu chenye umeme upime tena. Hiyo ya mwisho watu wanaidharau, ila tesita ikifa katikati ya kazi inakuonyesha sifuri ileile ambayo inaonyesha waya usio na umeme.

6. Piga picha, halafu kagua waya kwa waya. Picha iwe karibu, herufi za kwenye terminali zionekane. Kwenye dima ya kawaida utakuta L, ndo anaingia waya wa moto, na terminali yenye mshale au kiwimbi, ndo unatoka waya wa kwenda kwenye taa. Rangi za nyaya zinatofautiana nchi hadi nchi, kuna sehemu wa moto ni kahawia, kuna sehemu mwekundu, na Marekani mweusi ndo wa moto wakati sehemu nyingine mweusi ulikuwa nyutro (waya wa kurudisha umeme), kwa hio usiamini rangi, amini kipimo na picha.

Vuta kila waya kidogo kwa vidole. Waya ukicheza kwenye terminali umepata chanzo kizuri sana cha kupepesa na cha joto. Angalia na ncha yake: shaba nzima inang'aa, ikiwa imekuwa nyeusi au plastiki yake imekunjamana na kukauka, hapo palikuwa panachoma. Kata kipande kilichoungua, menya upya, ingiza, kaza. Ukikuta nyaya ni za alumini acha, funga, ita fundi, zina namna yake ya kuungwa.

Dima nyingine ina fyuzi ndogo ya kioo kwa nyuma au pembeni. Kama taa haiwaki kabisa itoe uipime kwenye multimita, na ikiwa imekufa weka ya ampea zilezile, usiongeze.

7. Jaribio la swichi ya kawaida. Kama bado una mashaka, toa dima ufunge ile swichi ya bei rahisi mahali pake, waya wa moto upande mmoja, wa taa upande wa pili, funga kava, rudisha umeme, washa. Taa ikitulia kabisa, shida ni dima au ndoa ya dima na balbu. Ikiendelea kuchezacheza hata bila dima, basi umeokoa hela ya dima, tafuta kwenye soketi ya taa, kwenye viungio, au kwenye nyutro.

Hapa kuna mtego wa kupima kwa multimita: ukipima volti kwenye waya wa taa bila balbu, dima ikiwa imezimwa, utaona namba ya ajabu na utasema dima imekufa, kumbe ni ule umeme mdogo unaovuja na hauna nguvu. Pia multimita za bei rahisi zinapima vibaya umeme uliokatwakatwa, kwa hio dima ikiwa katikati usiichukulie namba yake kama ya kweli. Balbu ndo shahidi mzuri.

8. Rekebisha kiwango cha chini. Dima nyingi za LED zina kaskrubu kadogo au kigurudumu cha kupanga mwanga wa chini kabisa uishie wapi. Ikiwa kako mbele, chini ya nobu, na kava imefungwa, unaweza kurekebisha taa ikiwaka: shusha dima mpaka chini, zungusha kidogo kidogo mpaka kupepesa kuishe, zima, washa tena uone kama taa inaanza bila kugoma. Ikiwa kako nyuma, basi ni zima umeme, zungusha kidogo, funga, washa, angalia, rudia. Inachosha lakini usikarekebishe boksi likiwa wazi na umeme upo.

9. Ukithibitisha dima ni mbovu, funga mpya. Chagua kwa kuanzia kwenye balbu ulizonazo. Kwa LED tafuta inayokata mwisho wa wimbi, au ile inayokubali aina zote, na kiwango chake cha chini kiwe chini ya jumla ya wati zako. Watengenezaji wa balbu wengi wana orodha ya dima walizozijaribu, itazame kwanza. Hamisha waya mmoja mmoja kutoka dima ya zamani kwenda mpya ukifuata picha, kaza, funga ethi, kunja nyaya bila kuzibana, funga kava.

Dima za kisasa za kuongozwa na simu nyingi zinataka nyutro kwenye boksi. Kama boksi lako halina nyutro nunua aina isiyohitaji. USITUMIE waya wa ethi kama nyutro, hata kama utaona inafanya kazi, manake unaweka umeme kwenye vyuma ambavyo watu wanavishika wakijua ni salama.

Makosa yanayojirudia

Kuendesha feni kwa dima ya taa. Mota inanguruma, inapata moto, na inaweza kuungua. Feni ina kidhibiti chake.

Kufunga dima mbili za kawaida kwenye taa moja yenye swichi mbili, kama ile ya ngazi. Inatakiwa dima moja tu, upande wa pili ibaki swichi ya kawaida ya njia mbili, au ile swichi mwenza iliyotengenezwa kwa dima hiyohiyo.

Kuchanganya balbu za aina tofauti kwenye dima moja na kuziacha hivyo moja kwa moja. Kwa majaribio sawa, kwa kuishi nazo hapana, kila moja inaanza kuwaka kwenye kiwango chake.

Dalili na pa kuanzia

*Inawaka kwa mwanga wote, haipungui.* Kama balbu ni ya zamani, ile swichi ya elektroniki ndani ya dima imekufa ikiwa imeganda kwenye kupitisha umeme wote. Mara nyingi hutokea pale balbu ya kawaya inapoungua kwa shoti. Badilisha dima, haitengenezeki kirahisi. Kama balbu ni LED, rudi hatua ya 2.

*Haiwaki kabisa.* Anza na balbu, halafu breka, halafu fyuzi ya dima, halafu waya uliochomoka. Dima iwe ya mwisho kushukiwa.

*Inaruka sehemu moja ileile ya mzunguko.* Kipande cha ndani kinachozungushwa kimelika. Ni uzee, badilisha.

*Inavuma.* Mvumo mdogo sana ukutani ni kawaida. Ukiwa mkubwa, wati zimezidi au aina haziendani. Ukitoka kwenye balbu, jaribu balbu nyingine.

*Dima ina joto.* Vuguvugu ni sawa. Kama huwezi kuiwekea kiganja na kukiacha hapo, punguza wati leo leo na ukague terminali.

*LED inawaka kwa mbali usiku wakati imezimwa.* Ni umeme unaovuja kupitia dima, au kupitia kataa kadogo kwenye swichi. LED inatosheka na kidogo sana. Kuna kifaa kidogo kinachofungwa kwenye taa, kati ya waya wa taa na nyutro, cha kunywa huo umeme, muulize fundi akuwekee kinachoendana na dima yako.

*Inapepesa ukiwa kwenye jenereta au inveta tu.* Inveta za bei rahisi zinatoa wimbi la ngazi ngazi, na dima inategemea wimbi laini ili ijue ikate wapi. Dima haina kosa hapo. Tumia swichi ya kawaida kwa taa hizo au inveta ya wimbi safi.

*Taa za vyumba vingine nazo zinapanda na kushuka, nyingine zinazidi mwanga wakati nyingine zinafifia.* Acha kabisa mambo ya dima. Hiyo inaweza kuwa nyutro imelegea kwenye bodi au kwenye laini inayoingia nyumbani, na volti zinaweza kupanda kiasi cha kuunguza friji na tv. Zima meni swichi sasa hivi, chomoa vifaa, na upigie simu fundi au shirika linalokuletea umeme kabla hujawasha tena.